Uhuru wa Mzee



Neno uhuru ni la zamani kuliko bendera yetu. Watu wa pwani walilitumia kwa hali ya mtu aliyetoka utumwani. Utumwa uliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na fidia wakalipwa mabwana. Kijana aliyeachwa huru alikuwa na nguvu za kutafuta kazi. Bali mzee asiye na shamba wala jamaa, uhuru wake ulikuwa mwepesi mkononi.

Mijini nako palikuwa na taabu yake. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na jina la tajiri wake, hata sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 1947. Serikali ya kikoloni ilimhesabu kuwa mgeni mjini: nguvu zikimwishia, arudi kwao. Ndipo vyama vya kusaidiana vikachanga nauli za wazee, vikauguza wagonjwa na kuzika maiti.

Tarehe 12 Desemba 1963 nchi ikapata Uhuru. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii uliundwa mwaka 1965, lakini ulikuwa wa walioajiriwa. Mkulima na mvuvi hawakuwamo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, ikataja haki ya wazee kuishi kwa heshima, kushiriki mambo ya jamii, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukapanuliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kila mwezi.

Fedha hizo ni chache, wala hatuzidharau. Mzee anunuaye sukari yake na daftari la mjukuu haombi ruhusa kwa mtu. Lakini ziko nyumba ambamo mwana huzipokea yeye, akaamua mzee ale nini, alale wapi, na shamba liuzwe lini. Mzee huyo ameshiba, na usemi wake umechukuliwa.

Basi, twawaomba wanachama: kila jambo limhusulo mzee, na aulizwe kwanza yeye. Nanyi wazee, msinyamaze kwa kuogopa kuwa mzigo. Mlitulea, mkatuchangia, shauri lenu lingali lahitajiwa katika mikutano yetu na nyumbani kwenu.