Usonji, Reli na Mbio za Hisani: Mpanda Katika Historia

Historia ya huduma kwa watoto wenye ulemavu katika eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Katavi haitenganishwi na historia ya reli, kwa kuwa tawi la Kaliua hadi Mpanda, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, ndilo lililouunganisha mji huo na Tabora, na hata mgodi ulipofungwa mwaka 1960 treni ilibaki kuwa njia ya mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara. Shule maalumu nazo zilianzia mbali: ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963, zote kwa juhudi za makanisa. Mzazi wa mtoto kiziwi walau alikuwa na mahali pa kutajiwa. Lakini yule ambaye mtoto wake alisikia vizuri na bado hakuitika alipoitwa, akashinda kutwa akipanga vizibo vya soda katika mstari mmoja na kuziba masikio kila mashine ya kusaga ilipowashwa, alielekezwa kwa mganga au kwenye maombi.

Hali hiyo ni usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni katika mawasiliano, mahusiano na tabia za kurudiarudia, ambayo Leo Kanner aliieleza kitabibu nchini Marekani mwaka 1943. Victor Lotter, aliyezunguka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, aliandika mwaka 1978 kwamba aliwakuta watoto wachache sana wa aina hiyo. Lakini aliwatafuta katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili, na mtoto aliyefungiwa chumba cha uani hangehesabiwa huko. Utafiti wa mwaka 2006 kuhusu kikundi kidogo cha watoto wa Tanzania ulionyesha kuwa kwa baadhi yao dalili zilifuata malaria kali, jambo ambalo halitoshi kuifanya malaria kuwa chanzo cha usonji kwa jumla, ingawa haliwezi kupuuzwa katika mkoa wenye malaria kama Katavi.

Mbio, kwa upande wake, ziliingia Mpanda kama shughuli ya dola. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, hukimbizwa kila mwaka nchini kote (siku hizi sehemu kubwa ya safari ikiwa ni kwa magari), ukizindua madarasa na visima vilivyotokana kwa sehemu na michango ya wananchi, na mwaka 2017 mbio hizo zilizinduliwa Katavi kwenyewe mwanzoni mwa Aprili, siku zilezile ambazo dunia huadhimisha uelewa kuhusu usonji. Mbio za hisani za mijini ni za karibuni zaidi: za benki ya CRDB, zilizoanza 2020, zilichangia upasuaji wa moyo kwa watoto, na za NMB, za 2021, matibabu ya fistula. Tofauti na London, ambako mkimbiaji mwenyewe hukusanya ahadi za ndugu na marafiki, hapa mshiriki hulipa ada, akapewa fulana na medali, na fedha nyingi hutoka kwa wadhamini.

Utaratibu huo unalifaa jambo lenye mwisho, kwa sababu mdhamini anaweza kuonyeshwa idadi ya waliopasuliwa. Usonji hauna upasuaji. Unahitaji mwalimu yuleyule, ratiba ileile na miaka mingi. Kwa sababu hiyo mbio za usonji za Dar es Salaam, zinazoandaliwa na Lukiza Autism Foundation, taasisi iliyoasisiwa na mzazi, zina kazi ngumu kuliko za mabenki, nayo ni kumshawishi mchangiaji alipie jambo lisilopigika picha. Mzazi anayezikimbia hufanya mazoezi alfajiri kabla mtoto hajaamka, kwa kuwa ratiba ikivurugika siku nzima huharibika, na siku yenyewe hulazimika kumwacha mtoto kwa bibi yake, maana spika za mstari wa kuanzia ndizo hasa asizozistahimili.

Kwa Mpanda, fedha za namna hiyo zinaweza kujenga darasa tulivu na kununua vifaa. Mwalimu wa elimu maalumu, hata hivyo, hupangwa kwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa na serikali, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma, haikuiweka haki hiyo chini ya hisani.