Noeli ya Waliokosa Nafasi

Katika kitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za makanisa, za shule na hospitali, na majina ya maaskofu na mapadre wetu. Sisi tungependa kueleza jambo moja tu: Noeli ilifika mlimani petu kwa njia gani, na kwa mikono ya watu gani.

Kila mwaka mwezi wa Desemba, barabara zipandazo Kilema, Kibosho, Marangu na Rombo hujaa watu warudio nyumbani. Mbuzi huchinjwa, mbege hutengenezwa, na jamaa hukusanyika kihambani kwa baba yao. Ni desturi njema, nasi twaipenda. Lakini wako ndugu ambao siku hizo hujificha mjini Moshi au mbali zaidi, kwa sababu mwaka umewaendea vibaya na hawana cha kupandisha nacho mlimani. Wako pia wasio na kihamba kabisa. Hao hudhani kwamba sikukuu si yao.

Basi na tuitazame historia. Mwezi wa Desemba 1860, Noeli ikikaribia, Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wawili na masista sita. Masista hao walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa kisiwani humo 1849, mwaka mmoja tu baada ya watumwa wa Réunion kuwekwa huru. Ndani yake wanawake waliotoka utumwani walipokewa kuwa masista pamoja na wanawake weupe, jambo ambalo siku zile halikuzoeleka. Huko Unguja soko la watumwa lilikuwa wazi. Misioni ikaanza kwa wagonjwa wasio na mtu wa kuwauguza, na kwa watoto walionunuliwa sokoni ili wafunguliwe.

Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, waliipokea kazi hiyo, na 1868 wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo. Huko watoto waliokombolewa wakafundishwa, wakakua, wakaoana, wakapewa nyumba na mashamba. Aliyeuzwa utotoni hana ukoo wa kumtambua, wala hajui kaburi la babu yake. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa parokia ya kwanza ya bara yetu.

Soko la Unguja lilifungwa 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali pale pale palipouzwa watu. Wangeweza kuchagua kiwanja chenye sifa njema zaidi, wala siku nyingine yoyote. Sisi twaona kwamba walichagua sawasawa.

Na tuseme kweli, ingawa si neno la kupendeza katika kitabu cha sherehe: mlima wetu haukuwa na mikono safi. Wamangi wa zamani walipigana wao kwa wao, na mateka wao wakauzwa kwa misafara ya pwani. Nyumba zetu zilikuwa na wauzaji, na zilikuwa na waliouzwa.

Mwaka 1890 Askofu de Courmont, Padre Le Roy na Padre Gommenginger walipanda hadi Kilema, na Mangi Fumba akawapa mahali. Kibosho ikafuata 1893. Ilikuwa desturi ya mapadre kufungua misioni za bara pamoja na Wakristu waliolelewa Bagamoyo, watu wa ufundi na wa mafundisho. (Hata kahawa yetu ilipita njia hiyo hiyo, Réunion, Bagamoyo, Kilema, nayo twaikumbuka zaidi, kwa kuwa ilituletea fedha.) Imani iliyofika katika milima yetu ilitoka kwa watu wa sokoni.

Tunapowafundisha watoto habari za Betlehemu, hori haliwashangazi. Katika nyumba ya kale ya Mchagga ng'ombe na mbuzi walilala ndani pamoja na watu, na mama alipanda kutoka tambarare na mzigo wa nyasi kichwani kwa ajili yao. Wanachouliza watoto ni kingine: kwa nini mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hakufunguliwa mlango? Nasi walimu hatuna jibu jepesi, maana milango ile twaijua.

Katika kigango chetu, Mtoto Yesu alikuwa akipelekwa pangoni usiku wa Noeli na mtoto wa nyumba yenye jina. Mwaka mmoja tulimwomba mama mmoja mzee asiye na kihamba, ambaye maisha yake yote amekata nyasi kwa ujira wa ng'ombe wa wengine. Wengine walinung'unika. Yeye mwenyewe alikataa mara mbili, akisema nguo yake haifai. Usiku ule alipofika pangoni hakumlaza Mtoto mara moja. Alizitazama nyasi tulizoziweka, akatikisa kichwa, akazitoa mabua magumu moja moja, akazipanga upya kama mtu ajuaye kazi yake. Kanisa zima likangoja. Kisha akamlaza.