Uwanja wa Mnazi Mmoja

Mtu atokaye Kariakoo kwenda katikati ya jiji la Dar es Salaam huupita uwanja wa Mnazi Mmoja, ulio baina ya barabara ya Lumumba na ile ya Bibi Titi Mohamed. Wengi hudhani kwamba uliachwa wazi ili watu wapate mahali pa kupunga upepo. Ukweli ni kwamba uliwekwa ili watu wasikaribiane.

Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya majumba ya Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba za biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu ya nyumba za udongo na makuti. Sheria hiyo ilitaja aina ya nyumba, haikutaja rangi ya mtu. Lakini katika nchi ambamo mali ilifuata rangi, kutaja nyumba kulitosha. Baina ya kanda ya pili na ya tatu palikusudiwa pawe na ardhi tupu. Vita vikawatoa Wajerumani, na Waingereza wakaitimiza ramani ile. Wenyeji waliokuwa na vibanda pale wakahamishwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya, ati maradhi na mbu wa uswahilini wasivuke kwenda upande wa pili. Kana kwamba mbu naye huheshimu mipaka ya serikali.

Lakini ardhi tupu karibu na watu haikai tupu. Kariakoo ulikuwa mtaa wa nyumba zilizobanana, zenye nyua ndogo, na watu wake walikuwa na vyama vya ngoma na vya mpira vilivyohitaji nafasi. Kilichotengwa kuwa kizuizi kikawa baraza la mji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianza kujenga vituo vya ustawi wa jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 pakajengwa hapo ukumbi wa Arnautoglu, kwa fedha za George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki. Watawala walitumaini, nadhani, kwamba watu wakipata mahali pa kusoma na kucheza dansi hawatashughulika na siasa. Matumaini hayo hayakudumu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa ng'ambo ya barabara tu, katika mtaa ulioitwa wakati huo New Street, ambao sasa ni Lumumba, na uwanja ukawa mahali pa mikutano ya hadhara ambapo Mwalimu Nyerere alihutubia.

Ngoma na siasa hazikuwa mbali. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza akina mama wa TANU tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba, na kwa njia ya vikundi kama hivyo aliwafikia wanawake ambao hakuna karani wa chama angeweza kuwafikia.

Tangu hapo uwanja umepungua. Shule na hospitali zimechukua sehemu yake, na hizo hakuna awezaye kuzilaumu. Mabanda ya biashara ni jambo jingine. Sehemu iliyobaki ina mnara wa Mwenge wa Uhuru na miti ya kivuli. Sikukuu ya Idi watoto wa Kariakoo na wa Upanga huchezea hapo pamoja.