Nyenje wa Tata

Ukiuliza habari za kelele kubwa katika historia ya Gusii, utasimuliwa bunduki. Tarehe 12 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilikuwa mjini Kisii, askari wa King's African Rifles wakakishambulia, na milio ikaendelea hadi giza. Vita hivyo vimeandikwa vitabuni. Lakini kelele iliyotuzibia masikio sisi haikuandikwa, maana ilikuja pamoja na unga.

Zamani wimbi lilisagwa juu ya jiwe. Mama alipiga magoti, akasaga huku akiimba au akipiga soga, na jirani alimsikia vizuri tu. Kisha zikaja mashine za posho za dizeli. Tata (ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii) aliendesha moja karibu na soko, upande wa Nyamira, miaka zaidi ya ishirini. Ndani nyundo za chuma zilizunguka zikiponda mahindi, nje mabati yalitetemeka. Wateja walimwonyesha kwa vidole: debe moja, nusu debe. Jioni alipotuitikia "Eeh?" mara tatu, tulisema ni uchovu.

Usiku mmoja akamwambia mama, "Kuna nyenje humu ndani." Mama akachukua tochi, akamtafuta hadi chini ya kitanda.

Nyenje hakuwapo. Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka ubongoni. Kelele kali huviumiza, ikizidi huviua, na kwa binadamu havioti tena. Ubongo ukikosa sauti ulizozoea, unaweza kutengeneza mlio wake wenyewe.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alieleza jinsi mafundi wa shaba walivyopoteza usikivu kwa kugonga nyundo kutwa. Kenya nayo, kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku. Ila kwenye kibanda cha Tata hakuna aliyewahi kuja na kipimo. Sheria ilikuwa Nairobi, kelele ilikuwa kwetu.

Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuunyamazisha mlio huo, lakini mtu hujifunza kuishi nao. Tata analala redio ikiwa imefunguliwa chini chini, maana kimya kitupu ndicho kinachompa nyenje nafasi. Tukiongea naye tunakaa mbele yake, aone midomo.

Mashine sasa ni ya ndugu yangu mdogo. Siku ya kwanza Tata alimvisha vikinga masikio kwa mikono yake, akamtoa nje apumzike kila baada ya gunia kadhaa. Wateja walicheka, wakamwita rubani.

Acha wacheke. Jioni ukimwita jina kutoka jikoni, anaitika mara moja.