Vijiwe vya nyongo vinavyoyeyuka: Athari ya seftriaksoni kwa mtoto aliyepasuliwa

MTOTO aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya kidole tumbo kilichotoboka huendelea kudungwa viuavijasumu kwa siku kadhaa. Katikati ya matibabu hayo anaweza kuanza kulalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia na kutapika, kisha picha ya mawimbi ya sauti ionyeshe vijiwe ndani ya kibofu cha nyongo. Mzazi husikia neno hilo akadhani mwanawe atapasuliwa tena. Mara nyingi hakuna haja.

Dawa inayohusika hasa ni seftriaksoni, ambayo hutumiwa sana katika hospitali za Kenya. Sehemu yake hutolewa mwilini kwa mkojo, na sehemu nyingine, inayoweza kukaribia nusu, hupitia katika nyongo. Humo hukolea kuliko katika damu, hushikana na kalsiamu na kutuama kama mchanga. Kwa kawaida chakula, hususan chenye mafuta, hukifanya kibofu hicho kijikaze na kumwaga kilichomo. Mtoto aliyetoka kupasuliwa tumbo hajaruhusiwa kula, naye amelala kitandani. Nyongo haina msukumo wa kutoka.

Kipimo kikubwa cha dawa, figo zisizofanya kazi ipasavyo na upungufu wa maji mwilini huongeza hatari. Hili la maji si dogo katika kaunti yenye joto na ukame kama Isiolo. Mtoto anayesafirishwa kutoka Merti au Garbatulla hadi mjini, huku akitapika njiani, huweza kufika akiwa amekaukiwa hata kabla ya sindano ya kwanza.

Madaktari wa Uswisi, akiwemo Urs Schaad, walieleza hali hii katika miaka ya 1980. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu watoto wenye homa ya uti wa mgongo, 16 kati ya 35 waliopewa seftriaksoni na kupigwa picha mara kwa mara walipatikana na vijiwe hivyo. Miongoni mwa waliopewa sefuroksimu, hakuna aliyepatikana navyo. Lakini utafiti uo huo ulionyesha kwamba seftriaksoni iliangamiza vijidudu haraka zaidi na kwamba waliotibiwa nayo hawakuathirika sana masikio. Kwa hivyo mzazi anayeikataa dawa hii kwa hofu ya vijiwe huenda akamtia mtoto katika hatari kubwa zaidi.

Wengi hawahisi lolote. Dawa ikisimamishwa, au ikibadilishwa pale ambapo maradhi bado yanahitaji tiba, vijiwe huyeyuka vyenyewe baada ya siku chache au wiki kadhaa. Mara nyingine huchukua takriban miezi miwili. Ni nadra sana kongosho kuvimba au mrija wa nyongo kuziba. Hata hivyo, umanjano wa macho, homa inayorudi na maumivu yanayozidi ni dalili za kumwita daktari mara moja, kwani tumbo lililopasuliwa linaweza pia kuwa na usaha.

Mtoto akihamishiwa hospitali nyingine, jina la dawa, kipimo chake na siku alizodungwa yafaa viandikwe kwenye barua ya rufaa. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa alipewa seftriaksoni anaweza kuviona vijiwe hivyo kuwa vya kweli na kupendekeza kibofu kiondolewe, ilhali kurudia picha baada ya wiki kadhaa kungeonyesha kwamba vimekwisha.