Kuchimba, Kupekecha na Kudidimiza: Historia Fupi ya Kutwaa Sampuli za Udongo na Istilahi Zake

Makala haya yanakusudia kuchunguza kosa ambalo mfasiri hulifanya kwa urahisi. Kosa lenyewe ni kuziita njia zote za kutwaa sampuli za udongo ulio chini ya ardhi kwa neno moja tu, yaani kuchimba. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, taarifa ya mhandisi yaweza kusomwa na hakimu kwa Kiswahili. Ikisema kuwa ardhi yenye sumu "ilichimbwa" mahali kadhaa, hakimu ana haki ya kuuliza: udongo uliotolewa ulitupwa wapi? Kumbe huenda hapakuchimbwa kitu.

Tuanze na vitenzi vyenyewe. Kuchimba ni kuondoa udongo na kuacha shimo. Kupekecha ni kuzungusha kitu hadi kipenye, kama mtu apekechavyo moto kwa vijiti, au kama fundi wa vyombo atoboavyo ubao kwa kekee. Hapo pia, kile kinachokatwa hutoka nje. Kudidimiza ni kukilazimisha kitu kiende chini pasipo kutoa kitu njiani. Ardhi hukipisha kwa kusogea kando. Lugha yetu, basi, imekwisha kutenga matendo matatu. Historia ya kazi hii itatuonyesha kwamba wahandisi nao walilazimika kuyatenga.

Ulaya ilijifunza thamani ya sampuli za udongo kwa uchungu. Tarehe 13 Septemba 1918, karibu na mji wa Weesp nchini Uholanzi, tuta la reli lililolowa maji liliporomoka, treni ikaanguka na watu 41 wakafa. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, mahali paitwapo Getå nchini Uswidi, tuta jingine la reli liliteleza na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Katika misiba yote miwili kilichoshindwa kilikuwa ardhi, wala si treni.

Nchini Uswidi, tume ya shirika la reli la serikali iliyoongozwa na Wolmar Fellenius ilitoa taarifa yake mwaka 1922. John Olsson, aliyekuwa katibu wa tume hiyo, alibuni kifaa cha kutwalia sampuli chenye pistoni. Pistoni huziba mdomo wa bomba linaposhuka, ili udongo wa juu usiingie. Kifaa kikifika kwenye kina kinachotakiwa, pistoni huzuiwa isisogee, na bomba hudidimizwa kuipita. Hivyo udongo unaoingia ni ule wa kina hicho tu.

Uholanzi, kwa upande wake, iliunda maabara ya elimu ya udongo mjini Delft mwaka 1934. Miaka miwili kabla ya hapo, mhandisi wa serikali P. Barentsen alikuwa amedidimiza ardhini, kwa nguvu za mikono, fimbo ya chuma yenye koni nchani. Koni hiyo ilikuwa na eneo la sentimita 10 za mraba. Yeye hakutoa udongo. Alipima nguvu iliyohitajiwa kuipenyeza koni. Mfasiri na azingatie hapa kwamba kudidimiza si lazima kuwe ni kutwaa sampuli. Tendo ni moja, makusudi ni mawili.

Mwaka 1949, M. Juul Hvorslev alichapisha taarifa kubwa katika kituo cha majaribio cha wahandisi wa Jeshi la Marekani huko Vicksburg. Alionyesha kwamba bomba lenye ukuta mnene huuvuruga udongo linaoutafuta. Kwa hiyo alilinganisha eneo la ukuta wa bomba na eneo la udongo unaoingia, akashauri kwamba uwiano huo, kwa sampuli isiyovurugwa, uwe asilimia 10 hivi au pungufu. Tena alisisitiza kwamba bomba lishuke kwa mkandamizo mmoja wa mfululizo, bila kugongwa wala kuzungushwa. Kwa mpimaji wa nguvu za udongo, basi, kukandamiza na kugonga ni mambo mawili mbalimbali.

Sura ya mwisho ya historia hii inahusu sumu. Mwaka 1980 Marekani ilitunga sheria ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa kwa taka za viwanda. Wachunguzi sasa walitaka kujua kemikali zimeshuka kina gani na zimeenea wapi. Mashine za kupekecha zilikuwa na kasoro: kila tundu lilitoa lundo la udongo ambao, ukiwa na sumu, wenyewe uligeuka kuwa taka za kushughulikiwa. Ndipo njia ya kudidimiza ilipopata nafasi. Gari lenye jeki ya maji na nyundo ya mashine hushusha bomba jembamba lenye mrija wa plastiki ndani yake. Mrija hutolewa ukiwa umejaa udongo katika mpangilio wake wa matabaka. Lundo halipo. Hata hivyo njia hii ina mipaka, kwani mwamba na mawe makubwa huizuia.

Jina la Kiingereza la njia hiyo, ambalo idara ya mazingira ya Marekani ililitumia katika mwongozo wake wa mwaka 1997, lina maana ya msukumo wa moja kwa moja. Lakini ndani ya jina hilo kumo kugonga kwa nyundo pia. Mfasiri akiandika "kusukuma", atakuwa ameifuata sura ya neno na kuiacha dhana. Na msomaji wetu, asikiapo kusukuma, hufikiri kwanza mkokoteni. "Kushindilia" nako hakufai, maana wajenzi hulitumia neno hilo kwa kukaza udongo wa barabara. Kudidimiza kunabeba dhana yote: mwelekeo wa chini, nguvu ya namna yoyote, na kutotoa kitu. Penye haja ya kutofautisha, tuseme udidimizaji kwa mkandamizo na udidimizaji kwa nyundo.

Na chombo chenyewe tukiiteje? Kamusi za Kiswahili zimetuhifadhia neno bambo: chuma chenye ncha na uwazi, kinachochomwa katika gunia ili kutoa punje chache na kujua hali ya nafaka iliyomo. Mnunuzi hakulifungua gunia, wala hakuimwaga nafaka. Sioni tofauti ya msingi kati ya kazi hiyo na ya mashine tuliyoieleza, isipokuwa gunia sasa ni ardhi. Atakayepinga kwamba bambo ni la nafaka tu na akumbuke neno bomba, lililotujia kwa maana ya chombo cha kuvutia maji, nalo leo ni jina la kila mrija wa kupitishia maji. Maneno hukua kwa kutumiwa.

Napendekeza, basi, bambo la udongo kwa chombo, udidimizaji kwa njia, na sampuli isiyovurugwa kwa ile tu inayotimiza masharti ya kupima nguvu za udongo. Tahadhari hii ya mwisho ni muhimu: udongo uliotolewa kwa nyundo waweza kufaa kabisa kupimwa kemikali, lakini usifae kumwambia mjenzi kama tuta litasimama. Watu wa Weesp na Getå walikufa kwa sababu ardhi haikujulikana. Isiwe kwamba sisi tumekwisha kuijua, kisha tukaipoteza maana yake katika tafsiri.