Gurudumu Moja Likiteleza: Historia ya Ufundi wa Kuvuka Matope



Wakati wa mvua, kila mtu anayekaa kando ya barabara ya udongo amekwisha kuliona jambo hili. Pikapu inakuja na mizigo yake, na watu wameketi juu ya mizigo. Inaingia matopeni, inasimama. Gurudumu moja linazunguka kwa kasi na kurusha matope nyuma. La pili, lililo juu ya udongo mkavu, limetulia kabisa, kama kwamba kazi hiyo haliihusu. Injini inanguruma, mafuta yanaungua, na motokari haisogei hata shibiri moja. Watu wanashuka, wanatafuta koleo na matawi.

Kwa nini gurudumu lililo mahali pazuri halifanyi kazi? Swali hilo limewahangaisha mafundi wa nchi nyingi tangu zamani, na jibu lao la karibuni ni kompyuta ndogo zilizomo katika pikapu za siku hizi. Madereva wengi wanazo, wala hawajui zinafanya nini. Wanaona taa ya njano inawaka mbele yao, wanasikia kelele chini ya motokari, wanaogopa, wanaondoa mguu. Na hapo ndipo wanapokwama. Basi tuifuate historia yake hatua kwa hatua, kwani mwenye kujua chombo kimetoka wapi hujua pia namna ya kukitumia.

Shida ilitoka wapi?

Motokari inapopiga kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Kama magurudumu mawili ya nyuma yangefungwa imara katika chuma kimoja, moja lingeburuzwa, mipira ingelika upesi, na vyuma vingeumia. Katika miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, akatengeneza dawa ya shida hiyo kwa ajili ya gari la mvuke. Akaweka kati ya magurudumu mawili meno ya chuma yanayoliacha kila gurudumu lizunguke kwa mwendo wake. Chombo hicho ndicho difrensha ya mafundi wetu.

Lakini dawa hiyo ilileta ugonjwa mwingine. Difrensha huzipa pande mbili nguvu iliyo sawa, wala haiwezi kuupa upande mmoja zaidi. Chukua mti mrefu, ufunge kamba katikati. Ncha moja ifunge kwenye jiwe kubwa, ncha ya pili kwenye kijiti kibovu. Sasa vuta kamba. Kijiti kinang'oka, mti unageuka, na lile jiwe halikupata nguvu kupita ile iliyokitosha kijiti. Ndivyo ilivyo kwa magurudumu. Lile lililo matopeni linahitaji nguvu kidogo tu ili lizunguke bure. Basi na mwenzake juu ya udongo mkavu anapewa kidogo hicho hicho. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba, na hapa maneno yao ni kweli kabisa.

Dawa za wazee

Dawa ya kwanza ilikuwa kuyapa nguvu magurudumu yote manne. Huko Uholanzi kiwanda cha Spyker kilitengeneza motokari ya namna hiyo mwaka wa 1903. Vita vya pili vya dunia vikaleta Jeep ya Wamarekani mwaka wa 1941. Waingereza wakafuata na Land Rover mwaka wa 1948, na Wajapani wa Toyota wakatoa yao mwaka wa 1951, ile iliyokuja kuitwa Land Cruiser. Motokari hizo zilifika mahali ambapo zamani mtu alifika kwa miguu tu. Hata hivyo kila ekseli ilikuwa bado na difrensha yake. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa kushika ardhi, motokari ya magurudumu manne husimama vilevile kama ile ya mawili.

Dawa ya pili ilikuwa kuifunga difrensha kwa kufuli, ili magurudumu mawili yazunguke pamoja wapende wasipende. Dawa hii ina nguvu sana. Lakini motokari iliyofungwa hivyo hukataa kupiga kona, na dereva akisahau kufungua kufuli anapofika penye barabara ngumu, vyuma vinaumia. Mwaka wa 1935 Ferdinand Porsche aliwaomba mafundi wa ZF, huko Ujerumani, watengeneze difrensha isiyoteleza ovyo kwa motokari za mashindano za Auto Union, maana nguvu yake ilikuwa nyingi hata gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure. Hiyo ikawa njia ya katikati, kati ya kufunga kabisa na kuacha wazi.

Dawa ya tatu ilitumiwa na wakulima, nayo ndiyo ninayowaomba mwiweke moyoni. Trekta ina kanyagio mbili za breki (au freni, kama wengi wetu tunavyosema), moja ya gurudumu la kuume na moja la kushoto. Gurudumu la kushoto likizunguka bure matopeni, mkulima hukanyaga breki ya kushoto peke yake. Gurudumu lile sasa haliendi kwa urahisi. Linahitaji nguvu nyingi. Na kwa kuwa difrensha hugawa sawasawa, gurudumu la kuume nalo hupata nguvu nyingi, na trekta inatoka. Kwa maneno mengine, kijiti kibovu kimefungwa imara, basi na jiwe linavutwa. Hakuna umeme wala kompyuta hapo. Ni mguu wa mtu na akili yake.

Kutoka ndege hadi motokari

Sasa tuyaache matope kidogo, tutazame ndege, kwa maana kompyuta ya pikapu ilianzia huko. Ndege inapotua penye maji, rubani akifunga breki kwa nguvu, magurudumu husimama kabisa na ndege inateleza bila kutii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza wa Dunlop walikuwa wamekwisha kutengeneza chombo kilichoitwa Maxaret, kinacholegeza breki mara gurudumu linapotaka kusimama, na kuifunga tena. Mwaka wa 1966 chombo hicho kikawekwa katika motokari ya Kiingereza iitwayo Jensen FF. Kisha mwaka wa 1978 Wajerumani wa Bosch na Mercedes wakaleta ile ya elektroniki, ABS, ambayo leo inajulikana kote.

Inafanyaje kazi? Penye kila gurudumu kuna pete yenye meno, na karibu yake kijicho cha umeme kinachohesabu meno yanavyopita. Kompyuta inalinganisha hesabu za magurudumu manne. Moja likipungua ghafula, maana yake linataka kusimama. Basi kompyuta inalegeza breki yake peke yake, mara nyingi katika nukta moja.

Hapo mafundi wakatambua jambo kubwa. Kompyuta inayoliona gurudumu linalosimama inaweza pia kuliona linalozunguka bure. Huko Marekani, Buick walikuwa wamekwisha kujaribu mwaka wa 1971 mtambo uitwao MaxTrac, uliopunguza nguvu ya injini magurudumu yakiteleza. Mwaka wa 1986 Bosch wakaanza kutoa mtambo wao wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure. Sasa mashine ikawa na miguu minne ya breki, tena isiyochoka. Ndiyo kazi ile ile ya mkulima juu ya trekta.

Mwaka wa 1995 ukaja mtambo wa tatu, ESP, unaoifunga breki ya gurudumu moja ili kuirudisha njiani motokari inayotaka kuzunguka. Pengine ungebaki kitu cha matajiri, lakini mwezi wa Oktoba 1997, huko Sweden, waandishi wa gazeti la motokari walikuwa wakiijaribu Mercedes ndogo ya A-Class kwa kukwepa ghafula, kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani. Motokari ikapinduka. Habari ikaenea upesi, na Mercedes wakaamua kuweka ESP katika kila A-Class. Baadaye serikali zikatunga sheria: Marekani ikalazimisha mtambo wa namna hiyo katika motokari ndogo zote mpya za mwaka wa 2012, pikapu za kawaida pamoja nazo, na Ulaya ikafanya vivyo hivyo kati ya 2011 na 2014.

Sheria hizo hazikufikiria matope yetu hata kidogo. Zilifikiria barabara za lami. Lakini zilifungua mlango. Pikapu ikiwa imekwisha kuwa na vijicho vinne, pampu na kompyuta, kuifundisha kuvuka matope hakuhitaji chuma kingi zaidi. Kunahitaji maagizo mapya ndani ya kompyuta.

Ufundi wa lami waingia matopeni

Waliotangulia kufundisha hivyo ni Waingereza. Range Rover ilipata ABS mwaka wa 1989, na mwaka wa 1992 ikapata breki za kulizuia gurudumu linaloteleza. Mwaka wa 1997 Land Rover wakatoa Freelander. Motokari hii haikuwa na gia fupi za nguvu, zile zinazoishika motokari isikimbie katika mteremko. Basi wakaweka mahali pake kompyuta inayofunga breki yenyewe na kushuka polepole. Hivyo chombo kinachosifiwa leo kilizaliwa kwa kuziba upungufu.

Mwaka wa 2004 Discovery 3 ikawa na kitasa cha kuchagua: majani na theluji, matope, mchanga, mawe. Mwaka wa 2007 Land Cruiser 200 ikaweza kutambaa yenyewe penye mawe, dereva akishika usukani tu. Hata Land Cruiser 79, pikapu ngumu inayojulikana sana katika misioni na hospitali za Afrika, ilipata mitambo hiyo huko Australia mwaka wa 2016. Haifuati kwamba kila Land Cruiser unayoiona inayo. Zinazouzwa katika nchi nyingine huweza kuwa hazina. Dereva asome kitabu cha motokari yake mwenyewe, wala asitegemee habari za jirani.

Mguu wa dereva

Sasa historia na itufundishe kazi.

Kwanza, gurudumu likizunguka bure, usiondoe mguu. Kompyuta haiwezi kuzuia gurudumu lisilozunguka. Kanyaga mafuta kiasi, bila kuongeza kwa hasira wala kupunguza kwa hofu, ungoje. Utaona taa ikimetameta, utasikia kugongagonga; hizo ndizo breki zikifanya kazi ya mkulima yule. Baada ya kitambo kidogo gurudumu lenye kushika ardhi litavuta. Anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, anaikatiza mashine kila inapoanza.

Pili, ujue mtambo wako unafanya lipi kati ya mawili: kufunga breki, au kupunguza nguvu ya injini. Katika mchanga mwingi, ule wa kupunguza nguvu ni adui, kwa sababu motokari inapoteza mwendo na kuzama. Ndiyo maana kuna kibonyezo cha kuuzima. Katika pikapu nyingi, ukiingiza gia fupi, kompyuta yenyewe huacha kupunguza nguvu na kubaki na breki tu.

Tatu, uwe mwangalifu na ABS juu ya changarawe na mchanga. Gurudumu lililosimama hukusanya udongo mbele yake, na lundo hilo husaidia kusimamisha motokari. ABS hairuhusu lundo hilo, basi motokari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwa ajili hiyo Volkswagen Amarok, iliyotoka mwaka wa 2010, iliwekewa kibonyezo cha nje ya lami kinachobadili ABS. Ambaye hana kibonyezo hicho na apunguze mwendo mapema.

Nne, breki zinazofanya kazi ya kufuli hupata moto. Ukikaa muda mrefu katika mlima mmoja, mtambo unaweza kujizima ili usiziharibu. Penye kazi ndefu na nzito, kufuli ya difrensha bado ni bora, kama unayo. Ifunge kabla ya kuingia, si baada ya kuzama.

Tano, katika mteremko wa utelezi, ingiza kwanza gia fupi na uache injini iishike motokari. Kompyuta ya kushukia ni msaidizi mwema, lakini nayo hutumia breki, na breki hutumia udongo ulio chini ya mpira.

Mahali mashine inaposhindwa

Neno hilo la mwisho ndilo kubwa. Tangu Pecqueur mpaka leo hakuna fundi aliyebuni chombo kinachoumba mshiko. Wote wamegawa tu mshiko uliopo. Mipira ikiwa imelika, au magurudumu yote manne yako juu ya utelezi, kompyuta inagawa sifuri, na sifuri ukiigawa kwa 4 ni sifuri. Ndiyo maana mipira mizuri, iliyopunguzwa hewa kwa kipimo katika mchanga na kujazwa tena baadaye, inafaa kuliko taa nyingi za njano.

Na hatari yenyewe ni hii: msaada huzaa ujasiri. Dereva wa zamani alisimama kabla ya matope kwa sababu alijua atakwama. Dereva wa leo huendelea kwa sababu mara kumi alipita. Mara ya kumi na moja anakwama mbali zaidi, mahali pabaya zaidi, na huenda nyuma yake amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali. Mto uliofurika hausomi kompyuta.

Basi, ndugu dereva, fanya kama mkulima wa trekta, aliyetazama kwanza gurudumu gani linateleza, ndipo akakanyaga. Simama kabla ya kuingia. Shuka, pima kina kwa fimbo, tazama mahali pa kutokea, washushe abiria. Kisha ingiza gia fupi, ingia polepole, na taa ikimetameta, tuliza mguu wako.